Mtu Anayekamua Hasalimiwi

Nyie mnaoingia maofisini mwaka huu, na mashati yenu yaliyopigwa pasi na kamba za vitambulisho shingoni, nianze kwa kuwaeleza mkono wangu wa kushoto. Kidole cha mwisho hakipo. Kinachofuata kimeishia katikati. Miaka yote niliyoshika kisu cha kuchunia sangara sikuwahi kupata zaidi ya mchubuko. Vidole hivi viliondoka kwa ajili ya kikombe cha chai, salamu za mzee mwenye adabu, kadi ya harusi na meneja anayependa simu, na vyote hivyo vilitokea ndani ya ofisi yenye kalenda ukutani na ua la plastiki mezani.

Majina nitayataja. Mke wangu huwa ananiambia, Baba Shija, waache, Mungu anawaona. Ni kweli anawaona. Lakini nyie hamkuwaona, na kesho mtakaa nao meza moja.

Elimu yangu ni darasa la saba, nililomalizia Kwimba. Nilikuja Nyakato kutafuta kazi ya kiwandani nikaipata kwenye kiwanda cha samaki, ambacho sitakitaja jina, maana kiwanda ni mabati na kuta tu, hakijawahi kumkatiza mtu kazi yake. Wanaokatiza ni watu.

Kilikuwepo chumba kikubwa cha kugandishia minofu. Sisi tulikiita Ulaya, kwa sababu ya baridi yake, na kwa sababu minofu ikitoka humo safari yake ilikuwa ya huko. Ukiuliza fulani yuko wapi unaambiwa ameenda Ulaya, na utani huo ulituchekesha kila siku kama vile umezaliwa asubuhi ile. Ukiwa unapanga kreti humo ndani, mlango unakuwa wazi na feni zimezimwa. Ukimaliza unatoka, mlango unafungwa, feni zinawashwa, na kuanzia hapo kiumbe mwenye damu ya moto hana tena shughuli mle.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Ule mlango ulikuwa wa kuteleza, na swichi yake ilikuwa chumba cha mashine, upande wa pili wa jengo, pamoja na swichi za feni. Mwendesha mashine, jina lake Bwire, Mjita mmoja mwenye maneno machache, alikuwa haoni kama kuna mtu ndani au hakuna. Kwa hiyo uliwekwa utaratibu. Kila mmoja wetu alikuwa na kibati, yaani kipande cha bati chenye jina lako lililochorwa kwa ncha ya msumari. Kabla ya kuingia Ulaya unapita kwenye kidirisha cha ofisi ya usafirishaji, unampa karani kibati chako, naye anakitundika kwenye ubao wenye misumari. Ukitoka unakichukua. Bwire akitaka kufunga na kuwasha, anapiga simu ofisini anauliza neno moja, "Ubao?" Karani anageuka, anatazama, anajibu ama jina la aliyemo, ama "Mtupu."

Ni utaratibu mzuri. Mpaka leo siulaumu. Lakini angalieni ulikuwa umeegemea kitu gani: macho ya mtu mmoja, na sekunde chache za kutoka mkononi mpaka kwenye msumari.

Karani wetu alikuwa dada mmoja wa Muleba, Leokadia. Tulimwita Dada Leo. Alikuwa mwepesi, mkali kidogo, na alikuwa akitambua vibati vyetu kwa kuvipapasa tu bila kusoma.

Siku ninayoisema nilimpa changu, akakipokea, akaniambia, "Kaka Mabula, usichelewe huko, leo hatuna blanketi." Nikacheka nikaenda. Yaliyofuata pale mezani nilisimuliwa baadaye na yeye mwenyewe, na mengine na Mama Jeni, ambaye kuficha jambo hajui.

Kibati changu kikiwa bado kati ya vidole vyake, simu ililia. Alikuwa meneja wetu, Severini. Huyo ndiye mkosaji wa kwanza. Severini alikuwa mtu wa kuuliza kitu kilekile kwa njia tatu: anatuma ujumbe kwenye simu, halafu anapiga, halafu anakuja mwenyewe kuuliza kama umeuona ujumbe. Siku hiyo alitaka kujua lori lililokwenda Sirari limefika wapi. Dada Leo akaweka kibati mezani ili ashike kalamu.

Hajaweka kalamu chini, akatokea Mzee Nkwabi, msimamizi wa stoo. Mkosaji wa pili, na huyu inaniuma kumtaja kwa sababu ni mtu mwema. Mzee Nkwabi alikuwa hawezi kupita mlangoni kwako bila kukusalimia, na salamu yake haikuwa neno moja. Ilikuwa Mwangaluka, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, kisha habari za nyumbani, za mama, za mvua ya Muleba, za yule mtoto aliyekuwa na surua mwaka juzi. Mtu aliyelelewa vizuri atafanya nini? Dada Leo alisimama, akapiga goti kidogo, akajibu zote.

Wa tatu ni Mama Jeni wa uhasibu, mweka hazina wa michango yote ya harusi, misiba na vipaimara. Alikuja na chai ya saa nne ya Dada Leo mkono mmoja na kadi ya harusi ya mpwa wa mtu mkono mwingine. Akatafuta pa kuweka kikombe. Akakiweka juu ya kibati changu. Hakukiona, na hata angekiona asingejua, yeye ni mtu wa uhasibu.

Halafu akaingia Severini mwenyewe. "Leo, umeona ujumbe wangu?"

Dada Leo akaanza kuutafuta ujumbe, mbele yake meneja amesimama, pembeni Mama Jeni anaeleza rangi ya sare za kamati, na kundi la ofisi kwenye simu linalia ti, ti, ti, watu wanatumiana maua na Ijumaa njema. Hapo ndipo Bwire alipopiga.

"Ubao?"

Akageuka. Akatazama. Misumari yote ilikuwa wazi.

"Mtupu."

Hakudanganya. Ubao ulikuwa mtupu kweli. Mimi nilikuwa nyuma ya kreti kwenye kona ya mwisho.

Ya mle ndani sitayarefusha. Taa ilizimika, mlango ukateleza, nikadhani ni utani wa wenzangu. Nilipousikia upepo nikajua utani haufanywi hivyo. Mlango ulikuwa na mkono wa kufungulia kwa ndani, lakini ulikuwa umeganda, na habari ya kuganda kwake Severini alikuwa anayo, maana tulimwambia akasema atalishughulikia. Nilivua glavu ya kushoto ili nikwangue barafu kwa kucha. Glavu ile ndiyo vidole vyangu. Nilipiga mlango kwa kreti mpaka kreti ikapasuka. Baadaye sikuwa na nguvu ya kupiga, nikaketi, na nawaambieni ukweli, nilianza kujisikia vizuri, na ule uzuri ndio ninaouogopa mpaka leo nikiukumbuka.

Ofisini, Dada Leo alimaliza chai yake. Mama Jeni huweka sukari kama anapanda mbegu, na siku hiyo ilikuwa imemwagika kidogo. Alipoinua kikombe akakirudishe, bati likainuka nacho, limenata kwenye kitako. Akaligeuza, akasoma MABULA.

Kitu cha kwanza nilichokiona mlango ulipofunguka ni miguu yake. Alikuwa peku kwenye barafu, viatu vilibaki kule kwenye korido alikovitupa ili akimbie. Kwa hiyo sukari ya Mama Jeni ilisaidia kuniua na ikasaidia kuniokoa, na mpaka leo sijui nimpe asante au nimnunie. Huwa navifanya vyote kwa zamu.

Nikiwa bado nimelazwa, kilikaa kikao. Kikaona kosa ni uzembe wa karani. Dada Leo akafukuzwa kabla sijafunguliwa bandeji. Na ni akina nani walikaa kikaoni? Severini aliyempigia, Mzee Nkwabi aliyemsalimia, Mama Jeni aliyekuja kuandika kumbukumbu za kikao. Waliomkatiza ndio waliomhukumu, na hakuna aliyejiona, kwa sababu kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba yeye alimchukulia dakika moja tu.

Vijana, hapo ndipo penye somo, na nisipoandika kingine chochote shikeni hilo. Mtu anayekukatiza huhesabu dakika yake tu. Hahesabu ya mwenzake aliyemtangulia wala ya atakayemfuata. Wewe uliyekaa ndiye unayezibeba zote.

Mimi wakati huo sikuyajua hayo. Nilikuwa na hasira na yule dada, nikisema mtu anawezaje kusahau mtu. Niliporudi kazini, mkono haukuweza tena kushika kisu wala kuvumilia barafu, wakaona wanipe kiti chake. Waliona ni huruma. Mimi nikaona ni nafasi ya kuwaonyesha jinsi kazi ile inavyofanywa na mtu mwenye akili zake.

Asubuhi moja, sijakaa sana kwenye kile kiti, nilikuwa nimesimama mbele ya ubao, kibati cha mtu mkononi, mkono umeinuka. Severini akaniita kwa nyuma kuuliza habari ya ujumbe. Nikamjibu. Nilipogeuka tena, mkono wangu ulikuwa palepale hewani, na sikujua kama nilikuwa natundika au natungua. Nilitazama kile kibati kama mtu anayetazama sura aliyowahi kuiona mahali. Mwenye kibati yuko ndani, au ametoka na anangoja nimkabidhi? Nilikimbia kwenye kidirisha kuangalia. Alikuwepo, anapiga miayo, anangoja chake.

Nilirudi nikakaa. Hasira yangu kwa Dada Leo iliishia siku ile, ikahamia kwa wengine.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Igogo kumtafuta, maana niliambiwa anauza dagaa huko. Nilimkuta na meza yake na sado zake za kupimia. Aliponiona alishika kichwa. Nilimwambia sikuja kwa ubaya, nimekuja kuuliza siku ile ilikwendaje. Akanieleza yote mliyoyasoma. Alipomaliza aliuomba mkono wangu, akautazama pande zote mbili kama anayetazama samaki kama ni mzima, akaurudisha. Hakusema pole. Akaniambia, "Kiti kile kina watu wengi, kaka. Unaona umekaa peke yako, kumbe mmekaa kumi."

Njiani kurudi ndipo nilipomkumbuka baba. Baba yangu alifuga ng'ombe, na alipokuwa anakamua hakuitikia mtu. Aje jirani, aje mjomba, aje mwenyekiti wa kijiji, baba yuko chini ya ng'ombe, kichwa ubavuni, hasemi. Ng'ombe akishtuka atapiga ndoo teke, na maziwa yaliyomwagika hayaokotwi. Watu wote wa kwetu waliijua tabia yake. Walikuwa wanasimama kwenye lango la zizi kimya, wanangoja ainuke na ndoo yake. Ndipo salamu zinaanza, na zinaanza tangu mwanzo, hakuna iliyopungua. Sikuwahi kumsikia mtu akimwita baba mjeuri. Walisema tu, mtu anayekamua hasalimiwi.

Jumatatu nikawaambia wenzangu: kuanzia leo, mkiniona nina kibati mkononi, au nasoma ubao, mimi nakamua. Ngojeni niinuke.

Walicheka. Bwire hakucheka. Yeye ndiye aliyebonyeza swichi siku ile, na sidhani kama aliwahi kulala vizuri tena. Alikuja akasimama kidirishani, akasema, "Na mimi nikishika swichi, nakamua." Kuanzia hapo likawa neno la pale ofisini. Ukitaka kumwita mtu, mwenzako anakuzuia: usimsemeshe, anakamua. Mama Jeni alilipenda mno, akaanza kukamua hata anapopiga soga, lakini angalau alihamishia chai kwenye meza ndogo kule mlangoni, mbali na ubao.

Mzee Nkwabi alinuna. Mara ya kwanza niliponyamazia Mwangaluka yake aliondoka bila kugeuka, akaenda kusema stoo nzima kwamba Mabula amepata kiti amepata na kiburi. Hili nililifikiria sana, kwa sababu salamu si kosa. Nyie wa siku hizi mnavaa vitu vya masikioni mnapita wazee kama nguzo za umeme, msije mkasema Mabula ndiye aliyewafundisha. Nilichofanya ni hiki: nilianza kufika mapema, nikawa nazunguka stoo, uhasibu, chumba cha mashine, namsalimia kila mtu kwa kirefu chake. Kwa Mzee Nkwabi nilikuwa nakaa kabisa, tunamaliza mvua, mihogo na wajukuu. Nikirudi kwenye kiti hakuna anayenidai salamu. Baada ya muda mzee mwenyewe akaja siku moja nikiwa na kibati, akaegemea ukuta, akamwambia aliyekuwa nyuma yake, "Subiri, ng'ombe ana teke huyo."

Nawapa na mengine niliyojifunza, myachukue kama yalivyo. Ulichoshika mkononi kifikishe mahali pake pa mwisho kwanza, ndipo uitike. Usikiweke "hapa mara moja," maana hapa mara moja ndipo vitu vinapofia. Ukisoma, soma kwa sauti na uguse kwa kidole. Mdomo ukikatizwa unajijua, kichwa kikikatizwa hakijijui. Ukishakatizwa, usiendelee pale unapodhani uliishia. Anza msumari wa kwanza. Utaonekana mzito wa akili, na waache waone. Simu ilaze kifudifudi. Na wewe ukitaka kumuuliza mtu jambo, angalia kwanza mikono yake kabla ya kuangalia uso wake. Uso wa mtu aliyelelewa vizuri utakuchekea hata kama mikono yake imebeba roho ya mtu.

Kwa utaratibu ule tulikaa miaka, na hakuna aliyesahaulika Ulaya. Lakini hakuna zawadi ya jambo ambalo halikutokea. Mfanyakazi bora wa mwaka mara mbili alikuwa Severini mwenyewe, kwa ajili ya mawasiliano mazuri. Msicheke. Cheti kimetundikwa ukutani.

Sasa niwaambie nilivyotoka.

Walikuja wageni kutoka makao makuu Dar es Salaam, na mkubwa wao alikuwa mzee mmoja wa suti nyeusi. Ofisi ilipakwa rangi, ua la plastiki likaoshwa. Severini alitupanga tangu jana yake nani atasimama wapi. Asubuhi hiyohiyo feni moja ya Ulaya ilikuwa inagoma, na Bwire ndiye aliyeingia kuitengeneza, akamwacha mwenzake mgeni kwenye swichi. Bwire alinipa kibati chake kidirishani, nikakitundika, nikasema jina lake kwa sauti. Wapangaji wa kreti nao walikuwa wanaingia na kutoka, ubao haukutulia.

Simu ikalia. Yule mgeni wa mashine: "Ubao?"

Nikainuka na simu sikioni, nikaanza msumari wa kwanza. Wakati huohuo mlango wa ofisi ukafunguka, Severini akaingia na wageni wote nyuma yake. "Na huyu ndiye Mzee Mabula, karani wetu wa siku nyingi." Yule mkubwa akaja moja kwa moja, akanyoosha mkono wake.

Niliuona. Uko hapo pembeni ya jicho langu, mkono safi wenye saa, umenyooshwa. Kidole changu kilikuwa msumari wa tatu. Mnajua kwetu maana ya kuuacha mkono wa mgeni hewani. Hata adui yako humfanyii. Na mimi nilijua vilevile kwamba nikiushika, nikarudi, nitakuwa yule mtu anayeuliza natundika au natungua, na kule mwisho wa simu kuna mtu asiyejua kama Bwire ametoka, kidole chake kiko kwenye swichi.

Severini akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mgeni."

Nikaendelea. Msumari wa nne mtupu. Wa tano mtupu. Mkono bado umenyooshwa. Mama Jeni, Mungu ambariki kwa hilo moja, alimnong'oneza yule mkubwa, "Samahani mzee, anakamua," na yule mkubwa akamtazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua. Wa sita. Wa saba.

"Bwire yumo," nikasema kwenye simu. "Ubao una mtu. Usiwashe."

Nikaweka simu. Nikageuka, nikanyoosha mikono yangu miwili, pamoja na ule mbovu. "Shikamoo mzee, karibu sana. Nilikuwa na mtu ndani."

Mkono wake ulikuwa umesharudi mfukoni. "Marahaba," akasema, kwa upole tu, wakaendelea na ziara. Sidhani hata kama aliliweka moyoni. Aliyeliweka ni Severini. Wiki haikuisha nikaitwa, nikaambiwa kwamba uongozi umeifikiria afya yangu na kazi ngumu niliyoifanya, na kwamba ni vizuri nikapumzike mapema. Nikamuuliza, "Ni kwa ajili ya ule mkono?" Akasema hapana, ni kwa ajili ya afya. Wakati ananieleza afya yangu alipokea simu mara mbili.

Niko Buswelu sasa, nafuga kuku. Watu wananihesabu mzee, nami sijafika hata umri wa wazee wenzangu kijiweni. Kinyongo ninacho, nilishasema. Ningekuwa bado na nguvu ya kukaa kwenye kile kiti. Kilichukuliwa na kijana mwenye diploma, mzuri tu, na nilimwachia maneno yote haya kabla sijaondoka. Kama anayafuata, sijui. Ndiyo maana nayaandika.

Nilipotoka tu, nilikwenda tena Igogo kwa Dada Leo. Alikuwa anampimia mteja dagaa, sado imejaa nusu. Sikumsalimia. Nilisimama pembeni ya meza mpaka akajaza, akasawazisha kwa kiganja, akamwaga kwenye mfuko, akafunga. Ndipo akageuka.

"Shikamoo kaka. Mbona uko mtaani siku ya kazi?"

Nikamwambia marahaba, nikamsimulia. Ziara, suti nyeusi, mkono uliobaki hewani, Severini na afya yangu. Nilisema kwa uchungu, nikamtaja kila mmoja kwa jina. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mimi nikangoja aseme kwamba wamenionea, maana yeye ndiye mtu pekee mwenye haki ya kulisema hilo.

Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Bwire alitoka?"

"Alitoka. Alikuja kidirishani akachukua kibati chake, akauliza chai iko wapi."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Mteja mwingine alikuwa ameshafika, anataka sado mbili. Dada Leo akarudi kwenye dagaa zake, na mimi nikanyamaza mpaka akamaliza.